Cornwall, Wales, Man au Bretagne: mjamaa adai kujitawala kwa namna gani?

Mjamaa anayetetea kujitawala kwa taifa dogo la Kikelti huulizwa swali lilelile kila mahali: mfanyakazi wa Camborne, mji wa Cornwall, atanufaika vipi akipandishiwa pango na mwenye nyumba wa kwao badala ya mwenye nyumba wa London? Ni swali la haki. James Connolly, aliyezaliwa Edinburgh mwaka 1868 na kupigwa risasi na jeshi la Uingereza huko Dublin mwaka 1916, aliwaonya Waayalandi mapema kwamba kubadili bendera bila kubadili umiliki wa ardhi na viwanda hakumtoi mnyonge utumwani. Tunalianza jambo hili hapo alipoliacha yeye. Kujitawala ni chombo, na chombo hupimwa kwa kazi kinayoifanya: je, kinaweza kuitoa nyumba, ardhi na maji mikononi mwa walanguzi na kuvirudisha kwa wanaoishi pale?

Vyombo vilivyopo ni vya aina nne, na vinatofautiana sana. Humu "Uingereza" ni dola nzima yenye mji mkuu London. "England" ni sehemu yake moja tu, na Cornwall ni pembe ya kusini-magharibi ya England. Man ni kisiwa kati ya Uingereza na Ireland, na Bretagne ni mkoa wa Ufaransa. Tynwald ni bunge la Man, Senedd ni bunge la Wales. "Taji" ni milki ya ufalme, na Duchy ni milki ya mrithi wa kiti cha ufalme.

| | Man | Wales | Cornwall | Bretagne |
|---|---|---|---|---|
| Watu | elfu 84 | milioni 3.1 | elfu 570 | milioni 3.4 |
| Chombo | Tynwald | Senedd | halmashauri | baraza la mkoa |
| Kutunga sheria | ndiyo, karibu mambo yote ya ndani | ndiyo, isipokuwa yaliyobakizwa London | hapana | hapana |
| Kupanga kodi ya mapato | ndiyo | kwa sehemu | hapana | hapana |
| Sakafu ya bahari | ya kwao | ya Taji | ya Taji; ufuko na mito mingi ni ya Duchy | ya dola ya Ufaransa |

Jedwali hilo linaweza kukudanganya ukilisoma harakaharaka. Ukihesabu "ndiyo" peke yake, Man inashinda na safari imeisha. Lakini tuingize nyumba moja kwenye hesabu, tuone.

Nyumba moja, sheria mbili

Chukua nyumba ya mawe ya vyumba viwili, karibu na bahari, inayomilikiwa na tajiri anayekuja wiki tatu kwa mwaka. Kodi ya makazi inayolipwa halmashauri tuseme ni pauni 2,400 kwa mwaka. Iweke kwanza St Ives, Cornwall, halafu ihamishie Abersoch, katika halmashauri ya Gwynedd, Wales.

Cornwall, kuanzia Aprili 2025, halmashauri inaruhusiwa kuongeza asilimia 100 juu ya nyumba ya pili. Bili inakuwa 4,800. Sheria ya England hairuhusu kuvuka hapo, hata madiwani wote wakikubaliana. Tajiri naye ana mlango wa nyuma: anaisajili nyumba kama biashara ya kupangisha watalii. Tangu Aprili 2023, sheria ya England inamtaka aonyeshe kwamba nyumba ilikuwa tayari kupangishwa siku 140 na ilipangishwa kweli siku 70. Siku 70 anazipata ndani ya msimu mmoja wa kiangazi. Akishaingia upande wa kodi ya majengo ya biashara, na kama hilo ndilo jengo lake pekee la biashara na thamani yake ya kikodi haizidi pauni 12,000, anapata msamaha wa biashara ndogo wa asilimia mia. Bili yake ni sifuri. Kwa hiyo kadiri halmashauri inavyopandisha kodi, ndivyo inavyomsukuma tajiri kwenye mlango ambao halipi hata senti. Muuguzi anayepanga chumba mtaa wa pili analipa kodi yake kamili.

Gwynedd ni habari nyingine. Senedd iliruhusu halmashauri kuongeza hadi asilimia 300 kuanzia Aprili 2023, na Gwynedd ikaweka 150. Bili ya nyumba ileile ni 6,000. Siku hiyohiyo Senedd iliubana mlango wa nyuma: nyumba iwe tayari kupangishwa siku 252, na ipangishwe kweli siku 182, yaani nusu ya mwaka. Nyumba ya kulala tajiri wiki tatu haifiki huko. Inayofika ni biashara ya kweli. Kabla ya hapo, Oktoba 2022, Wales ilikuwa imeyagawa makazi katika mafungu matatu ya mipango miji: makazi ya kudumu, nyumba ya pili, na nyumba ya kupangisha muda mfupi. Mgawanyo huo unaiwezesha halmashauri kudai kibali kabla nyumba ya familia haijageuzwa nyumba ya likizo. England haina mafungu hayo, kwa hiyo Cornwall haiwezi kuyatumia.

Wapo walioumia Wales. Mwanakijiji anayepangisha kijumba kimoja uani na kupata wageni siku 150 alijikuta kwenye kikapu kimoja na tajiri wa mbali, kwa sababu hesabu ya siku haiulizi mwenye nyumba anaishi wapi. Hilo ni kosa la uandishi wa sheria, na linarekebishika Cardiff, makao ya Senedd, bila kupiga magoti London.

St Ives walijaribu njia iliyokuwa wazi kwao. Mei 2016 wakazi zaidi ya asilimia 80 waliopiga kura walikubali mpango wa mtaa unaotaka kila nyumba mpya iuzwe kwa mkazi wa kudumu. Ni kura ya watu waliochoka. Lakini mpango wa mtaa hugusa majengo mapya tu. Wanunuzi wa likizo wakahamia nyumba za zamani, zile za wavuvi zilizo katikati ya mji, na wajenzi wakapunguza hamu ya kujenga pale. Dawa ilikuwa sahihi, dozi ndiyo haikutosha, kwa sababu aliyeshika chupa yuko Westminster, kwenye bunge la London.

Hoja ya kijamaa ya kujitawala imekaa hapo, kwenye tofauti ya siku 70 na siku 182. Chama kilichotawala Wales wakati huo kilikuwa Labour, chama kilekile ambacho watu wengi wa Cornwall wamekipigia kura. Kilichozitofautisha Wales na Cornwall ni chombo.

Man: madaraka mengi, mkono mzito

Kisiwa cha Man hakimo ndani ya Uingereza. Hakina mbunge Westminster. Hapo kinatofautiana na Zanzibar, ambayo ina serikali yake na bado inapeleka wabunge Dodoma. London inashughulikia ulinzi na mambo ya nje, Tynwald inashughulikia karibu mengine yote. Bunge hilo liliadhimisha miaka elfu moja mwaka 1979. Mwaka 1881 wanawake wenye mali walipiga kura Man, na mwaka 2006 umri wa kupiga kura ulishushwa hadi miaka 16.

Mjamaa asidharau yaliyofanyika humo. Mwaka 1991 serikali ya kisiwa ilinunua bahari yake, maili 12 kuzunguka, kwa pauni 800,000. Leo mkodishaji wa eneo la upepo baharini analipa Douglas, mji mkuu wa kisiwa. Mwaka 2018, kisiwa kilipoona meli zake za abiria na mizigo zinapita mikononi mwa wawekezaji na benki, Tynwald ilipiga kura na kuinunua kampuni nzima ya Steam Packet kwa pauni milioni 124. Umeme, maji, mabasi na posta ni mali ya umma. Watu elfu 84 wamefanya hayo. Anayesema taifa dogo haliwezi kumiliki njia zake kuu za uchumi aanze kwa kuueleza mfano huu.

Hata hivyo kisiwa hichohicho kimejijenga kama kichaka cha fedha za matajiri. Tangu 2006 makampuni mengi hulipa kodi ya sifuri. Wanaotozwa ni wachache, kama benki na wenye mapato ya ardhi na majengo ya kisiwani. Kodi ya mapato kwa miaka imezunguka kati ya asilimia 20 na 22 kwenye ngazi ya juu, na tajiri mkubwa anaweza kuchagua ukomo: akishalipa kiasi cha pauni laki mbili hivi, kinachozidi hakiguswi. Pengo linazibwa na VAT, kodi inayomwuma zaidi mwenye kipato kidogo. Tena hiyo VAT hukusanywa kwa mkataba wa pamoja na London, mapato yakagawanywa kwa kanuni. Mwaka 2009 London iliibadilisha kanuni, na kisiwa kikapoteza zaidi ya pauni milioni 100 kwa mwaka. Kwa hiyo mwenye "ndiyo" nyingi kwenye jedwali letu aligundua kwamba mfuko wake una kamba, na kamba imeshikwa nje.

Kwa nini madaraka hayo hayakuwafaa wafanyakazi zaidi? Angalia namna ya kuchagua. House of Keys, baraza la Tynwald linalochaguliwa na wananchi, ina wajumbe 24, wawili kwa kila jimbo, na wengi wao hugombea binafsi bila chama. Mgombea binafsi haji na bajeti. Anakuja na jina. Mpiga kura hana ilani ya kumfungia mtu, na serikali huundwa baada ya kura kwa mazungumzo ya watu ambao hawakumwahidi mtu jambo moja kwa pamoja. Wafanyakazi wa Man walipopata kitu kikubwa walikipata kwa mgomo: Julai 1918 ruzuku ya unga ilipoondolewa na mkate kupanda bei, kisiwa kizima kiligoma kwa siku mbili. Ruzuku ikarudi, na mwaka huohuo Tynwald ikapitisha kodi ya mapato kwa mara ya kwanza. Bunge la miaka elfu lilijifunza kuwatoza wenye nacho ndani ya miezi michache, likiwa limebanwa.

Kwa mjamaa wa Man, basi, katiba si kipaumbele. Anachohitaji ni chama chenye ilani na vuguvugu la wafanyakazi la kuondoa ukomo wa kodi.

Wales: imefika mbali, imefungwa wapi

Mwaka 1979 Wales ilikataa bunge kwa kura nne dhidi ya moja. Mwaka 1997 ilikubali kwa tofauti ya kura 6,721 tu. Baraza lililofunguliwa 1999 halikuwa na uwezo wa kutunga sheria kuu. Lilijaza nafasi ndani ya sheria za London. Kura ya maoni ya 2011, asilimia 63.5 wakikubali, ndiyo iliyolipa nguvu hiyo. Anayedai bunge la Cornwall leo azingatie miaka hiyo 12 iliyopotea: adai Wales ya 2011, asikubali kupewa Wales ya 1999.

Matunda yapo na yanahesabika. Dawa zinazoandikwa na daktari ni bure kwa kila mtu tangu Aprili 2007. Haki ya kununua nyumba ya halmashauri kwa punguzo, sera iliyoteketeza makazi ya umma tangu enzi ya Thatcher, ilifutwa Januari 2019. Treni za ndani zilirudi mikononi mwa umma Februari 2021. Kila mtoto wa shule ya msingi anapata chakula cha mchana bila malipo. Utekelezaji ulikamilika 2024. Mwaka 2022 vijana waliotoka kwenye malezi ya serikali walianza kulipwa pauni 1,600 kwa mwezi, kabla ya kodi, kama jaribio la kipato cha uhakika.

Vizuizi vyake vinne lazima vijulikane kwa majina, kwa kuwa ndivyo vitakavyowekwa kwenye mkataba wowote mpya.

Cha kwanza ni ruzuku. Fomula ya Barnett huipa Wales nyongeza kwa kuangalia idadi ya watu na kile kilichoongezwa England, haiangalii mahitaji. Makubaliano ya 2016 yaliongeza asilimia 5 juu yake, jambo jema, lakini London ndiyo inayoamua mradi gani unahesabiwa. Reli ya kasi ya HS2 iliandikwa kuwa mradi wa "England na Wales", ingawa hakuna hata mita moja ya reli hiyo ndani ya Wales. Scotland na Ireland ya Kaskazini zilipata mgao, Wales ikaachwa.

Cha pili ni mkopo. Makubaliano hayohayo yaliweka ukomo wa pauni milioni 150 kwa mwaka na bilioni 1 kwa jumla, kwa serikali yenye bajeti inayozidi bilioni 20. Kwa fedha hiyo hujengi nyumba za umma kwa wingi unaohitajika.

Kodi ya mapato: tangu Aprili 2019 Wales hupanga peni 10 za kila pauni ya kipato katika kila ngazi ya kodi, ila haiwezi kubadilisha ngazi zenyewe wala kuongeza mpya. Huwezi kuwapandishia matajiri peke yao kwa maana. Senedd imeziacha peni 10 zilezile kila mwaka.

Bahari inaumiza zaidi. Sakafu yake iko chini ya Mali za Taji, na mapato ya kukodisha maeneo ya upepo huenda Hazina ya London. Scotland ilikabidhiwa usimamizi wa mali hizo mwaka 2017, Wales haijakabidhiwa. Watu wa Wales wanalisikia hili kwa masikio ya Capel Celyn, kijiji kilichozamishwa 1965 ili Liverpool ipate maji, kwa sheria ya 1957 ambayo hakuna mbunge hata mmoja wa Wales aliyeipigia kura ya ndiyo. Kulinganisha na Man kunachoma: pauni 800,000 ziliimaliza hoja kisiwani.

Cornwall: haja kubwa, chombo kidogo

Cornwall ina kila kitu cha taifa isipokuwa bunge. Watu wake walitambuliwa kuwa jamii ya taifa dogo Aprili 2014. Saini elfu 50 za kudai bunge zilipelekwa Downing Street, ofisini kwa waziri mkuu, Desemba 2001. Julai 2025 halmashauri yenyewe ilipitisha hoja ya kutaka Cornwall itambuliwe kuwa taifa la tano la Uingereza. Mgodi wa mwisho wa bati, South Crofty, ulifungwa 1998, na sasa kampuni zinaifuata lithiamu chini ya ardhi ileile. Haki za madini huko mara nyingi zimetenganishwa na umiliki wa shamba la juu na ziko mikononi mwa watu binafsi, kwa hiyo bila sheria mpya utajiri huo utapita chini ya miguu ya wenyeji kama bati lilivyopita. Juu ya hapo kuna Duchy, milki ya mrithi wa kiti cha ufalme tangu 1337: mtu akifa Cornwall bila wosia na bila ndugu, mali yake huenda huko.

London imetoa nini? Desemba 2022 ilitangaza mkataba wa pauni milioni 360 kwa miaka 30, sharti likiwa meya wa kuchaguliwa. Gawanya: milioni 12 kwa mwaka, kwa watu elfu 570, ni pauni 21 kwa kichwa. Wakati wa Umoja wa Ulaya, Cornwall ilipata zaidi ya euro milioni 500 katika kipindi cha miaka saba, kwa sababu tu ya umaskini wake kuhesabiwa peke yake bila kuchanganywa na jirani yake Devon. Mwaka 2023 halmashauri ilimkataa meya ikachukua mkataba mdogo zaidi. Tunaona ilifanya vema. Meya mmoja ni rahisi kumbembeleza kwa mwekezaji kuliko bunge lenye upinzani ndani yake, na hakupewa hata kalamu ya kubadilisha zile siku 70.

Msomaji wa Kenya ataelewa haraka: kaunti yake ina katiba ya 2010 nyuma yake, na fungu lisilopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa kwa kaunti zote. Cornwall haina ulinzi wa namna hiyo. Bunge la London linaweza kuifuta halmashauri kwa sheria ya kawaida, kama lilivyoruhusu halmashauri sita za wilaya zifutwe Aprili 2009.

Bretagne kwa ufupi

Mkoa husimamia treni za mikoani, majengo ya sekondari za juu na bandari, lakini hautungi sheria, na fedha zake nyingi ni mgao wa kodi zilizopangwa Paris. Nantes, mji wa kihistoria wa Bretagne, iko nje ya mkoa tangu mipaka ya 1941 na ile ya 1956. Mei 2021 Baraza la Katiba lilibatilisha mfumo wa shule kufundisha watoto sehemu kubwa ya masomo kwa lugha ya mkoa kama Kibretoni, kwa kutumia kifungu kimoja cha katiba kuhusu lugha ya Jamhuri. Sheria ya Novemba 2024 inaruhusu miji yenye nyumba nyingi za likizo kutenga maeneo ya wakazi wa kudumu, lakini kwa majengo mapya tu: tundu lilelile la St Ives. Huko njia haipiti kwenye mkataba wa mkoa. Inapita kwenye mabadiliko ya katiba ya Ufaransa, na mjamaa wa Rennes anahitaji kushirikiana na Wakorsika, ambao nao wanadai kujitawala.

Pingamizi la upande wetu

Wajamaa wazito walipinga. Aneurin Bevan, mwasisi wa huduma ya afya ya 1948, aliamini mchimba makaa wa Tredegar ana adui mmoja na mchimba makaa wa Durham, na bunge la Cardiff lingewagawa. Neil Kinnock, mbunge wa Labour kutoka Wales, alikuwa miongoni mwa viongozi wa kampeni ya hapana mwaka 1979. Hoja yao ina uzito: vyama vya wafanyakazi vikikatwa vipande, serikali ndogo zitashindana kushusha kodi, na Man ni ushahidi. Tunajibu hivi. Haki ya kununua nyumba za umma ilifutwa Scotland 2016 na Wales 2019, wakati England inaendelea nayo. Wapangaji wa England hawakudhurika kwa hilo. Walipata mfano wa kunyooshea kidole. Mashindano ya kodi huja pale kodi ya makampuni inapogatuliwa, kwa hiyo usiidai. Dai ardhi, bahari, nyumba, mipango miji na mkopo, na uiache kodi ya makampuni ipangwe kwa kiwango kimoja visiwa vyote.

Chagua hivi

Ukiwa Cornwall, kataa mkataba wa meya na dai bunge la kutunga sheria kwa orodha ya mambo yaliyobakizwa, siyo orodha ya yaliyotolewa. Wales ilihamia mfumo huo 2018 baada ya miaka ya kesi mahakamani kuhusu nani ana mamlaka gani. Uchaguzi uwe wa uwiano, la sivyo chama kimoja kitakula viti vyote kwa theluthi ya kura. Sheria ya kwanza ihusu siku 182 na mafungu ya makazi. Ya pili ihusu ardhi, kwa kuiga Scotland, ambako sheria ya 2003 ilizipa jamii za vijijini haki ya kununua ardhi inapouzwa. Wakazi wa kisiwa cha Eigg walitangulia hata sheria hiyo: mwaka 1997 walikinunua kwa pauni milioni 1.5, na tangu 2008 wana umeme wao wa maji, upepo na jua, kila nyumba ikiwa na kikomo cha kilowati 5 kwa wakati mmoja. Ukiwasha birika, jiko na mashine ya kufulia kwa pamoja unakatika, na kurudishiwa kuna faini. Walijiwekea wenyewe kikomo hicho ili umeme utoshe wote.

Ukiwa Wales, dai mbili kabla ya nyingine zote: Mali za Taji na ukomo wa mkopo. Polisi na mahakama zifuate. Senedd yenye wajumbe 96 badala ya 60, kwa sheria ya 2024, inatoa watu wa kutosha kuichambua bajeti mstari kwa mstari. Kabla ya hapo mjumbe mmoja aliweza kujikuta kwenye kamati tatu.

Ukiwa Man, chombo unacho tayari. Kazi iko kwenye ule ukomo wa pauni laki mbili.